Tindikali ya Jani Bichi

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Ukungu ulikalia mikorosho mpaka karibu saa nne, na upepo wa kipupwe ulikuwa unapita chini ya mlango tangu alfajiri. Hapa kwetu Newala mwezi wa Juni mtu anavaa sweta akiwa ndani ya nyumba. Nilifagia uwanja mara mbili. Nilitaka kuandika kwamba ni kwa sababu ya majani yaliyopukutika, lakini hapana, ilikuwa kwa sababu ya wageni.

Wageni wenyewe walikuwa wawili, wanatoka Chiungutwa: mjomba wa kijana anayemposa binti yangu, na mama wa kijana. Posa tulishaipokea, mahari tulishaelewana, ilibaki siku tu ya kufunga ndoa. Halafu ikaja simu kwamba kabla ya kupanga siku wanaomba kuja kuniuliza mimi, mama wa binti, jambo moja. Hawakulitaja. Hapakuwa na haja. Kuna kijana wa Chiungutwa alirudi kutoka Malawi mwezi uliopita, na hakuwahi hata kuoga vizuri kabla hajawaambia watu kwamba yule mama wa Newala alikuwa kule analima bangi.

Na ni kweli. Nilikuwa Malawi nalima bangi.

Naliandika hivyo na silifuti. Lakini niliandike lote, maana nusu yake ni uongo wa aina nyingine.

Nilikwenda kwa mama mdogo, aliyeolewa kule upande wa ziwa. Chiyao cha kule nakielewa, kwa hiyo sikupata tabu ya lugha. Kazi ikapatikana kwenye shamba lenye kibali cha serikali ya kule, lenye uzio, walinzi na nyumba za nailoni zilizojaa miche. Sikuwahi kuvuta, sikuwahi kuuza, wala hakuna aliyetoka na jani mfukoni, maana tulikuwa tunapekuliwa hadi kwenye vilemba. Kazi yangu ilikuwa kitaluni, kusaidia kutafuta mbegu.

Hapo kwenye kutafuta mbegu ndipo ninapotaka kueleza, na ndipo ninapoogopa kukosea, kwa sababu mimi niliishia darasa la saba. Nitaeleza nilivyoelezwa na mama wa maabara, mwanamke mnene mcheshi, aliyekuwa akituita tuangalie kila alichofanya ili tusije tukasema anafanya uchawi.

Alituambia kwamba mmea ule ukiwa mbichi hauna kile kilevi ambacho watu wanakifuata, au unacho kidogo sana. Wenyewe unatengeneza kitu kingine, chenye asili ya uchachu kwa jinsi wasomi wanavyovipanga vitu. Chiyao chake hakikuwa na neno la kitu hicho. Mimi nikakumbuka somo la sayansi shuleni, nikalipa jina la Kiswahili: tindikali. Neno hilo nilichagua mwenyewe, hakuna aliyenituma. Basi, tindikali ile ikipata moto inatoa hewa, na kinachobaki ndicho kilevi. Ndiyo maana watu wanachoma, hawatafuni. Siku moja mbuzi wa jirani walivunja wavu wakala safu nzima ya miche mpaka wakashiba. Walinzi wakaketi kuwatazama watakavyolewa. Wakacheua tu, wakalala, wakaamka wakitafuta nyingine. Sisemi huo ni ushahidi, maana mbuzi hasemi anavyojisikia.

Sasa kuna tindikali ya kwanza, aliyoiita ya mama, ambayo bado haijaelekea popote. Mche umerithi ndani yake kitu cha kuigeuza. Kuna miche inayoigeuza ikaelekea upande wa kilevi. Kuna miche inayoigeuza ikaelekea upande mwingine, ule usiolevya, ambao wanatengenezea dawa ya watoto wenye kifafa. Na mche uliorithi huku na huku unakuwa nazo zote mbili, ndio uliokuwa unatusumbua kuliko yote. Nilipomsikia anasema kila kitu kinatoka kwa ile ya mama nilicheka, nikamwambia basi mmea huu ni wa kwetu, ukoo wake unafuata kwa mama.

Kwa hiyo mche ukiwa bado mdogo, majani yake hayajazidi ukubwa wa ukucha, tunakata kipande cha jani bichi, tunakiloweka kwenye chupa ndogo ya spiriti, tone lake linawekwa kwenye kibao na dawa ya rangi. Rangi nyekundu, umeelekea kwenye kilevi. Rangi ya chungwa, umeelekea kule kwingine. Zikitokea zote, mchanganyiko. Uliokosea upande unaotafutwa tunaung'oa, unafukiwa shimoni na chokaa, afisa wa serikali yao akiwa amesimama anaangalia. Iliyobaki tunaipandisha chavua kwa brashi, mbegu zinapatikana, tunaanza tena. Faida ya kupima jani bichi ni kwamba hungoji mti ukue, utoe maua, ndipo ujue umelea nini.

Niliipenda kazi ile. Nalo naliandika. Marehemu mama yangu alikuwa haoteshi pingili ya muhogo kabla hajauonja muhogo wake, akitema chini ule mchungu na kuitupa pingili yake mbali. Kule niliona ni kazi ya mama, ila inafanywa kwa rangi.

Basi, asubuhi ya leo mdogo wangu wa kiume aliwahi kufika. Yeye ndiye mjomba wa binti, kwa hiyo shauri la ndoa liko mikononi mwake. Alinikuta jikoni.

"Dada," akasema, "chai."

"Bado sijachemsha."

"Sisemi ya kunywa. Wakikuuliza, ulikuwa kwenye chai. Malawi kuna mashamba ya chai mpaka basi. Nani atakwenda kuhakikisha?"

"Na wakiniuliza chai inachumwaje?"

"Kwa mikono! Sasa hapo kuna swali gani?"

Binti yangu alikuwa anasafisha mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Mama, mjomba anasema kweli. Ni siku moja tu. Sema chai, wapange siku, waondoke."

Niliwaambia nitaona. Sikuwa jasiri. Walipotoka nje nilijaribu kulisema lile neno peke yangu, kwa sauti ya chini, nisikie linavyotoka. Lilitoka vizuri sana. Hilo ndilo lililonitisha.

Wageni walifika na bodaboda mbili, wamejikunja kwa baridi. Mjomba wa kijana ni mkulima wa korosho kama sisi, mtu mzima, koti refu na kofia yake ya kudarizi. Mama wa kijana anabangua korosho, vidole vyake vimeweka weusi ule usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," tukawaamkia.

"Marahaba. Hamjambo hapa? Ninyi kweli mnaishi mawinguni."

Tuliwaketisha ndani, kwenye jamvi, binti akaingia chumbani nyuma ya pazia kama inavyotakiwa. Habari za salfa ya mikorosho zikasemwa, nani ameshaanza kupuliza na nani anangoja maua. Halafu yule mzee akaweka kikombe chini.

"Mama," akaniambia, "sisi hatukuja kugombana. Tumesikia maneno. Wenzangu walitaka tuvunje huko huko kwa simu, nikakataa. Nikasema twende tukamuulize mwenyewe."

Nilimshukuru kwa hilo na bado namshukuru. Angeweza kuvunja kwa simu.

Mdogo wangu akadakia. "Mzee, ni mambo ya watu tu. Kule Malawi dada alikuwa kwenye ch—"

"Bangi," nikasema.

Mdogo wangu alianza kukohoa. Nyuma ya pazia kitanda kililia, kama mtu amekaa ghafla.

"Astaghfirullah," akasema mama wa kijana.

Mzee hakupandisha sauti. "Ulikuwa unavuta?"

"Sijawahi kuvuta hata sigara."

"Ulikuwa unauza?"

"Nilikuwa nimeajiriwa kitaluni. Shamba lina kibali cha serikali ya kule, na askari mlangoni." Na kwa kuwa nilishaanza, nikaona niende mbele. "Na mzee, jani lenyewe likiwa bichi halilevyi. Lina tindikali tu."

Mama wa kijana akavuta kanga yake mpaka kidevuni. "Tindikali! Ile wanayomwagia watu usoni?"

"Hapana mama, siyo—"

"Ile ya betri?" Alitazama mikono yangu, akatazama pazia. "Na binti naye unamfundisha kuishika? Mwanangu atalala na mtu wa tindikali?"

Mdogo wangu akaniinamia sikioni, lakini sauti yake haijui kunong'ona. "Dada, bora ungebaki kwenye bangi."

Nilijilaumu. Kwa neno lile nililojichagulia, nilikuwa nimemtoa yule mama kwenye kosa moja nikamtia kwenye kosa baya zaidi. Nikamwambia kwamba limau nalo lina tindikali na tunalinywa. Hakunielewa, limau ni limau. Ndipo nikamwomba atazame vidole vyake mwenyewe.

"Mama, ukiibana korosho mbichi kwa meno, inakuwaje?"

"Inababua midomo. Mtoto gani hajui?"

"Kinachobabua kiko kwenye ganda. Nacho ni tindikali ya namna hiyo hiyo. Mama wa maabara alinieleza, ukikaanga, moto unaibadilisha, hewa inatoka, kinabaki kitu kingine. Jani la bangi ni hivyo hivyo. Bichi lina kitu hiki, moto ukifika linakuwa na kile."

Akayafikiria. Halafu akanikunjulia kiganja. "Lakini hata ikikaangwa inababua, mkwe. Unaona hapa? Hii ni ya kukaangwa."

Kweli, inababua hata ikikaangwa, kidogo kuliko mbichi lakini inababua. Mfano wangu ulikuwa na tundu na yeye alilitia kidole. Nilimjibu kwamba ni kweli, sikuufikiria vizuri. Mdogo wangu akajifunika uso kwa kofia.

Lakini sikuwa nimeshindwa. Nilisikia moto unanipanda, nikamgeukia mzee. "Haya, tuache ganda. Tushike bibo, tunda lenyewe. Bibo tunawapa watoto wanakula njiani, juisi inawachirizika mpaka kwenye mashati. Ukilikamua ukaliacha likachacha linakuwa uraka. Ukiupika uraka unakuwa gongo, na gongo limewatoa watu wangapi akili hapa kwetu? Mti ni ule ule mmoja. Mbona hatujakata mikorosho? Mbona mtu haulizwi na wakwe kama alipata kulima mikorosho?"

"Kwa sababu serikali haijakataza mkorosho," akasema mzee.

Na hapo napo alikuwa sahihi. Sheria ya kwetu haiulizi kama jani ni bichi au kavu, limepata moto au halijapata. Ni jani lile, basi. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba sijaleta mbegu hata moja, na hapa sitaotesha, lakini kule nilikokuwa sheria ilikuwa upande wangu, na siwezi kuona haya kwa kazi iliyokuwa halali pale nilipoifanyia.

"Na kuhusu kilevi," akasema, "unasema jani bichi. Likianikwa juani? Likikaa ghalani?"

"Linabadilika lenyewe. Polepole."

"Bila moto?"

"Bila moto."

Alitikisa kichwa, siyo kwa kebehi, kama mtu anayepanga vitu mahali pake. Kisha akauliza lile lililokuwa linaniogopesha toka alipoingia. "Nimesikia kuna dawa ya watoto, na kwamba ipo mbegu isiyolevya. Vizuri. Sasa niambie. Kazi yako yote ilikuwa kwenye hiyo isiyolevya?"

Mdogo wangu aliondoa kofia usoni akanitazama kwa macho yote. Jibu lilikuwa jepesi kuliko chai. Neno ndiyo, na siku inapangwa. Binti yangu alikuwa upande wa pili wa kitambaa, na nilijua anasikiliza.

"Hapana," nikasema. "Kulikuwa na nyumba mbili. Moja ya mbegu isiyolevya, nyingine ya mbegu ya kilevi, nayo inatengenezewa dawa ya maumivu kwa wagonjwa wa huko Ulaya, ndivyo walivyotuambia. Nilifanya kazi kwenye zote. Kwenye ile ya pili nilikuwa naing'oa miche ambayo tindikali yake haielekei kwenye kilevi. Kwa hiyo ukitaka kusema nilisaidia kutafuta mbegu kali, utakuwa hujanionea."

Mama wa kijana alisema tena Astaghfirullah, safari hii taratibu.

Mzee alikizungusha kikombe chake kwenye jamvi. Kisha akasema: "Mengine nimeelewa, mengine yamenipita. Kijana anamtaka binti, na binti hana kosa lolote. Posa ipo pale pale. Ila siku ya harusi nitakuwa na wageni wangu, watu wa msikitini na watu wa ukoo. Watakuuliza. Nakuomba useme mashamba. Mashamba tu."

"Mashamba ni kweli. Nitasema."

"Alhamdulillah."

"Na wakiniuliza mashamba ya nini?"

"Utasema chai."

"Hapana, mzee."

"Mama, neno moja!"

"Nilishalijaribu asubuhi. Sitalisema."

Mdogo wangu alisema "Dada" kwa namna ambayo marehemu mama alikuwa analiita jina langu nikivunja chungu. Ndipo pazia likafunguka. Binti yangu akatoka, kanga imefungwa vibaya, macho mekundu, akapiga magoti mbele ya wakubwa.

"Shikamoo mzee. Naomba nisamehewe, sikuitwa. Mama hatasema chai. Mimi namjua. Nimembembeleza toka asubuhi na nilikuwa nataka aseme. Kama siku ya harusi inangoja neno hilo, basi mwambieni mwanenu asingoje."

Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa amenikasirikia, niliona shingo yake ilivyokakamaa. Lakini alisema.

"Wewe ni mkaidi kama mama yako," akamwambia mama wa kijana, na mpaka sasa sijajua kama lilikuwa tusi. Alimshika mkono wakati anasema.

Mzee alisimama, akavaa koti lake. "Basi. Harusi ipo. Lakini itafanyika kwetu, Chiungutwa, siyo hapa. Uwanja ukiwa wangu, maswali yatakuja kwangu, nitayajibu ninavyojua mimi."

"Mzee," mdogo wangu akashtuka, "tangu lini? Sisi kwetu harusi ni nyumbani kwa mwanamke. Mume ndiye anayekuja."

"Najua. Kwetu pia ni hivyo hivyo."

Wote wakanitazama. Mimi nilimtazama binti. Aliitika kwa kichwa, mara moja. Nikasema sawa. Nilihisi kama nimeng'olewa jino, kwa sababu uwanja huu ndio aliochezewa unyago wake, na hapa ndipo nilipotaka atokee. Lakini nikaongeza, ili tuelewane: "Nitakuja Chiungutwa. Na mtu akinifuata mimi mwenyewe akaniuliza, nitamjibu."

"Najua utamjibu," akasema mzee. "Kaa karibu na wanawake, huko muziki uko juu."

Mdogo wangu akacheka kabla hajajizuia.

Niliwaambia chakula kipo tayari. Mzee akashika kofia yake. Akasema ananiheshimu, ila leo hawezi kula jikoni kwangu, siku nyingine Mungu akipenda. Mama wa kijana alitazama mlango wa jikoni, harufu ya nazi imejaa nyumba nzima, halafu akamfuata. Iliniuma kuliko suala la uwanja. Ni haki yake, mtu halazimishwi kula. Nimekaa nimejiuliza kama nilikuwa mkweli au nilikuwa nashindana tu, na kama mama mwenye akili asingeutoa ule uongo mdogo kwa ajili ya mwanawe. Nikirudishwa kwenye lile jamvi nitasema vile vile.

Binti hakuzungumza nami mpaka magharibi. Tulipokuwa tunapakua akasema, "Ile nyumba ya pili usingeitaja."

"Aliniuliza."

"Najua alikuuliza." Akanipa mwiko. "Kwa hiyo rangi ya chungwa ndiyo ya watoto wa kifafa?"

Nikamwambia ndiyo, na nyekundu ndiyo ile nyingine. Tulikula wali na kuku wa nazi aliyepikwa wa kutosha watu watano, sisi tukiwa watatu, pamoja na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha. Mdogo wangu alikula mapaja yote mawili, akisema la pili anamlia mzee.